Dakika Tano za Busia

Kibanda cha chai cha Nerima kiko hatua ishirini kutoka uwanja wa mpira wa vikapu, na kwa miaka tisa sijawahi kunywa chai pale bila mtu kuitaja ile fainali. Jumamosi hiyo tulikuwa na sababu ya kuitaja. Mpaka Mmoja, timu ya pamoja ya Busia na Malaba, ilikuwa inafufuliwa. Zilibaki wiki tatu ligi ianze, na kamati ya watu watatu ilitakiwa kumtaja kocha kabla ya saa kumi.

Mwenyekiti alikuwa mzee Nasir wa duka la vipuri. Katibu alikuwa Nerima mwenyewe, aliyewahi kuchezea timu ya wanawake. Wa tatu nilikuwa mimi, Mubaraka, mwakilishi wa wachezaji na mgawa pasi, yaani mchezeshaji, namba moja wa upande wa Busia. Mutwalibu, muuza mitumba, hakuwa mwanakamati, ila hakuna aliyewahi kumnyima Mutwalibu neno.

Aliyeomba kazi alikuwa mmoja tu: Echodu, fundi wa breki za malori kule Malaba. Ndiye aliyekosa mitupo huru miwili katika fainali ile zikiwa zimebaki sekunde nne, tukashindwa kwa pointi moja.

"Mnanipa mtu aliyetuzika," alisema Nasir. "Kesho mtaniambia nimnunulie na koleo."

"Refa ndiye aliwazika," alisema Mutwalibu. "Ule upulizaji wa kipenga, ungedhani anawasha moto wa kuni mbichi."

"Refa ndiye alikosa mitupo?"

"Na chakula je? Saa tano mnawapa chapati na maharagwe. Nani ataruka na maharagwe, mzee?"

"Maharagwe yalikuwa yangu, chunga mdomo," alisema Nerima. "Na zikibaki dakika tano tulikuwa mbele kwa pointi kumi na moja, na hayo maharagwe tumboni."

Mimi nilisema ilikuwa woga. Timu iliyokuwa na Okwi, mtu aliyefunga pointi thelathini na moja peke yake siku hiyo, haishindwi ila kwa woga. "Ningekuwa mimi kwenye ule mstari, ingeingia yote."

"Ungefika kwanza kwenye huo mstari," alisema Nerima.

Echodu aliingia tukiwa bado tunacheka. Alikuwa na grisi hadi kwenye viwiko. Aliagiza strungi, chai isiyo na maziwa, akaketi kwenye benchi karibu na mlango.

"Endeleeni tu," alisema. "Mmefika kwenye mitupo yangu?"

"Tumefika na tumepita, boss," alisema Mutwalibu.

Nasir alikohoa. "Echodu, mimi sina ubaya na wewe. Lakini mashabiki watauliza."

"Waulize. Nilikosa yote miwili, sijawahi kukataa." Alipuliza chai yake. "Lakini nikuulize, mzee. Tulipokuwa mbele kwa kumi na moja, Okwi alikuwa wapi?"

"Benchi."

"Aliumia?"

"Hakuumia. Zamu ilikuwa imefika."

Kila mtu alijua habari ya zamu. Iliandikwa kwenye katiba ya timu ili mji mmoja usiumeze mwingine: Malaba wanaanza na wachezaji watatu, Busia wawili; dakika tano za mwisho, Busia watatu, Malaba wawili. Okwi alikuwa wa Malaba, na hesabu ikamwangukia yeye. Katika miaka tisa ya ubishi tulikuwa tumemlaumu refa, viatu, mvua na maharagwe. Zamu hatukuwahi kuitaja. Sisi tumekulia kando ya foleni ya malori ya mpakani. Hapa mtu akiruka foleni hupigwa, na hakuna wa kumtetea.

"Ilikuwa haki," alisema Nasir.

"Ilikuwa haki," Echodu alikubali. "Wale tuliocheza nao hawakuwa na haki. Walikuwa na watano wazuri."

Mutwalibu alikoroga chai yake.

"Mbona hukusema siku ile?" aliuliza Nasir.

"Ningesema, Busia wangebeba mpira wao waende, na mimi ndiye nahodha. Nikanyamaza. Nikaenda kwenye mstari, nikakosa, ikawa rahisi kwa kila mtu." Aliweka kikombe chini. "Nikipewa timu, watano nachagua mimi. Wakitoka wote Malaba, sawa. Wakitoka wote Busia, sawa. Zamu hakuna."

"Basi tupige kura," alisema Nasir. "Mimi nakataa."

"Mimi nakubali," alisema Nerima. Wote wakanigeukia.

Nilijua vizuri kilichokuwa mbele yangu. Upande wa Busia tulikuwa wachezeshaji wawili, na mwenzangu goti lilikuwa bovu. Zamu ikibaki, nafasi yangu haina wa kuigusa. Kule Malaba kulikuwa na Oluka, kijana wa miaka kumi na minane, ambaye kila mazoezi alinipita kama mlango ulioachwa wazi. Watu nilikuwa nawaambia ananisukuma.

"Mubaraka," alisema Nasir kwa upole, "wewe ni kijana wetu. Fikiria."

"Nisikudanganye," alisema Echodu. "Nimewaona mkicheza. Oluka yuko mbele yako."

Damu ilinipanda. "Si ungengoja nipige kura kwanza?"

"Halafu unilaumu miaka tisa?"

"Oluka ananisukuma."

"Hakusukumi. Unasimama wima, yeye anapita."

Nilisimama. Neno la kukataa lilikuwa tayari mdomoni, na ningelitoa kwa raha. Kilichonizuia ni kumbukumbu ya siku ile ya fainali. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimepanda juu ya kreti ya soda. Okwi alipotoka na taulo shingoni nilishangilia hadi sauti ikakauka. Kikapu chochote hakikuwa kimeingia. Zamu yetu ilikuwa imefika, basi. Sisi wa Busia wote tulishangilia kutolewa kwa mchezaji bora tuliyekuwa naye.

"Nakubali," nilisema.

Nerima aliandika. Nasir alivaa kofia yake, akaacha chai nusu. "Watu wa Busia mtawaambia nyinyi."

"Nitawaambia mimi," nilisema, na sikuwa napiga kifua.

Saa kumi na moja tulikuwa uwanjani. Echodu aligawa fulana za kikosi cha kwanza: tatu Malaba, mbili Busia, na yangu haikuwamo. Ya mchezeshaji alimpa Oluka. Mimi aliniambia nimkabe.

"Kunja magoti," alisema, akarudi pembeni.

Oluka alinipita mara ya kwanza. Akanipita mara ya pili, akacheka. Mara ya tatu nilishuka hadi mapaja yakawaka moto, nikateleza naye kushoto, nikateleza naye kulia, akasimama, akatafuta njia, akalazimika kutoa pasi.

"Tena," alisema Echodu.