Nyundo ya Mwalimu wa Zamu

Usiku wa jana niliota simu imevaa sare ya shule yetu, sketi ya bluu na sweta la kijani, imesimama mbele ya meza yangu ofisini.

"Shikamoo, madam," ikasema. Povu likaitoka mdomoni.

"Marahaba. Povu la nini?"

"La sabuni, madam. Nimelala ndani yake muhula mzima."

Hapo nikaitambua. Ilikuwa simu ya Atuganile wa kidato cha nne, niliyoikamata mwenyewe bwenini, imefichwa ndani ya mche wa sabuni uliochimbwa kwa kijiko. Zamu ni yangu wiki hii. Kwetu mwalimu wa zamu hugonga kengele, huonja maharage, na huvunja simu mbele ya paredi. Nyundo ya kazi hiyo hutundikwa kwenye msumari ofisini, na asubuhi ningeishika.

"Sheria unaijua," nikaiambia. "Simu hairuhusiwi kuvuka geti."

"Sikuvuka, madam. Mimi nilikaa tu. Geti ndilo lililonivuka."

Nachungulia dirishani. Kweli, geti linakatiza uwanja wa netiboli, linahema. Mlinzi wetu, Mzee Ambokile, analifuata nyuma amebeba kiti chake.

"Basi lete mzazi," nasema, maana hiyo ndiyo sheria ya pili.

Mzazi anaingia. Ni chaja, mama mrefu mwembamba, shingo yake imezungushiwa solotepu. Anajikunja kitini kwa heshima.

"Mwalimu, mtoto amekosa, sibishi. Ila hajala tangu Jumapili. Hata ng'ombe wa kuchinjwa hunyweshwa maji."

"Unajua alichokuwa akifanya hapa shuleni?"

"Muulize mwenyewe. Mdomo anao."

Simu inainamisha kichwa. "Nilifundisha fizikia, madam. Mwalimu wa fizikia alihama, na mwingine hajaja. Wasichana walijifunika blanketi moja, nikawaonyesha umeme." Inafuta povu kwa kiwiko. "Na tamthilia niliwaonyesha. Wakasinzia kwenye kipindi chako. Hilo nalo sikatai."

Ningependa ikatae. Ingekuwa rahisi zaidi.

Kengele inajigonga yenyewe, na ofisi inakuwa uwanja wa paredi. Sheria inasema simu itavunjwa mbele ya wanafunzi wote, na wote ni wote: mstari umepanda hadi kileleni mwa mlima Rungwe. Mkuu wa shule, Mwalimu Mwaisaka, yumo, amevaa kaptula, kamasi zinamchuruzika. Bibi yangu aliyeishia darasa la nne yumo pia, na sweta la kijani.

"Bibi! Hata wewe?"

"Nyamaza, mjukuu wangu. Tunakaguliwa kucha."

Mbele ya wote amesimama Atuganile. Amekinga mikono miwili, kama mtu anayetaka kupokea kichanga.

Nainua nyundo. Nyundo inaguna.

"Taratibu, madam. Kichwa kinaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu simu ya kwanza. Mnanigongesha kichwa kwenye vioo, kisha mnanitundika ukutani. Mwenye simu hupewa pole na wenzake. Mimi kanipa pole nani?"

"Wewe si chuma?"

"Ndiyo maana sijawahi kulia mbele ya wanafunzi."

Bibi anapaza sauti kutoka mstarini: "Mfunge kichwa, wee! Hiyo diploma yako haikukufundisha kumfunga mgonjwa kichwa?"

Paredi nzima inacheka, mpaka mlimani. Navua kilemba changu cha zambarau, naizungushia nyundo, nakaza fundo ubavuni, kama Bibi alivyokuwa akinifunga mimi nikiwa na homa. Nyundo inashusha pumzi.

Namgeukia Atuganile. "Unataka nini, mwanangu?"

"Umeme tumemaliza, madam," anasema, mikono bado ameikinga. "Bado mawimbi. Na mtihani ni mwezi ujao."

Nikaamka.

Nilivaa haraka, nikatafuta kilemba changu cha zambarau, nikakikosa kitini nilipokiweka. Nikaenda ofisini kichwa wazi, ukungu ukinilowesha nywele. Simu ilikuwa drooni pamoja na chaja yake, imezimika, haina la kusema. Nikanyoosha mkono kwenye msumari.

Nyundo ilikuwa imefungwa kichwa kwa kitambaa cha zambarau. Fundo lilikuwa ubavuni.

"Mwalimu wa zamu!" Mkuu wa shule aliita kutoka uwanjani. "Nyundo iko wapi? Watoto wanaganda kwa baridi!"

Kupitia dirishani nilimwona Atuganile, tayari amesimamishwa mbele.

Nikaichomeka simu kwenye chaja kwanza. Kisha nikatoka hadi mlangoni.

"Ipo, Mkuu," nikasema. "Ila inaumwa."