Namba Tatu ya Kesho

Saa ya mezani ililia kabla ya alfajiri kumwamsha mume wangu nimtie dawa ya macho. Siku ya kumi na mbili tangu tumzike, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Nikaizima, nikaketi kitandani.

Kuwaarifu watu wa maofisi ilikuwa kazi yangu. Mkwe wangu aliniandikia orodha: maji, umeme, simu, pensheni. Kwenye pensheni karani alisema bila kuinua kichwa, "Aje mwenyewe asaini."

"Mwanangu, ningeweza kumleta, ningekuja peke yangu?"

Akainua kichwa, akaomba radhi, akanipa kiti chake mwenyewe.

Ilibaki kliniki ya macho. Mzee alingoja upasuaji miezi tisa, na zamu yake ilikuwa kesho. Kila siku nilisema nitaenda, nikaahirisha, maana kule tu ndiko alikokuwa bado anasubiriwa. Lakini nisingekwenda leo, kitanda kingelala kitupu, na mtu mwingine angebaki kizani.

Nikaenda. Kwenye benchi alikaa fundi cherehani mwenye miwani minene kama kitako cha chupa. Muuguzi alikuwa anamtania.

"Fundi, leo tena? Unamwombea nani asifike?"

"Simwombei mtu mabaya, sista. Nasubiri tu atakayeghairi. Jana nimeshona suruali ya mteja, mguu mmoja nimeugeuza ndani nje."

Nikatoa cheti cha kifo. "Nimekuja kwa ajili ya namba tatu ya kesho. Hatafika. Ametangulia."

Muuguzi alisoma, kisha akanishika mkono kabla ya kushika kalamu. "Pole, bibi. Mzee yule hakuondoka hapa bila kutuchekesha." Akashika kalamu. "Nimfute?"

"Mfute, mwanangu. Mpe huyu fundi."

Akapiga mstari mmoja mwembamba, polepole.

Fundi hakuinuka. Alivua miwani, akainamisha uso. "Nisamehe, mama. Kumbe nilikuwa nangoja msiba wako."

"Ulingoja zamu, baba, kama alivyoingoja yeye." Nikaketi karibu naye. "Sasa sikiliza. Kesho uje hujala kitu. Na uvae shati la vifungo, usije ukahangaika kulivulia kichwani."

Akaitikia kwa kichwa kila neno. Niliposimama, alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu.

"Bandeji wataitoa Jumamosi," akasema. "Njoo tena, mama. Nataka nikuone."