Mabati Kwanza

...wangemshika mabegani na magotini tu, wakamweka juu ya mkokoteni, hospitali si mbali, lakini mkokoteni umeshapakiwa mabati ya Arlette, na Kamate amelala chali sakafuni, kwenye mlango wa jikoni, anatazama mbingu pale alipokuwa amesimama sasa hivi, bati bado kalikumbatia, mjinga yeye, ubao ulipolia angeliachia bati ashike boriti, fundi gani asiyejua hilo, ila komanda alisema atakayepinda bati atakula fimbo, na fimbo akaiogopa kuliko kuanguka... bati halikupinda hata kidogo... nyumba hii aliipaua mwenyewe, Arlette akampikia sombe, akacheka, “Fundi, kula, njaa inaangushaka watu kule juu,” na Arlette alipokimbia vita, ni Kamate huyuhuyu aliyeletwa kumng'olea paa, kwa bunduki, ndiyo, lakini nyundo aliishika vizuri... “Tumalize mabati kwanza,” komanda anasema huko nje, “mutu hataoza leo,” vijana wake wanacheka, na Baudouin naye anacheka, Baudouin aliyemuoa Tina, dada yake Kamate, aliyekula ng'ombe za harusi hadi akavimbiwa, acheke tu, labda ni woga, Baudouin hatamwacha hapa, atasema neno... miguu haiumi, afadhali, isingekuwa mizima ingeuma, si ndiyo... Baudouin anapanda ngazi, taratibu, na miguuni mwake kuna viatu, viatu vyeusi vyenye kamba nyekundu, viatu vya Kamate, amemvua lini, mtu anavuliwaje viatu asisikie... anajaribu kukunja kidole cha mguu, kidole kimoja tu, Mungu wangu, hakuna kitu, kuanzia kiunoni hakuna kitu... “Shemeji,” Baudouin anaita kutoka juu, kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, “njo ubao gani ilikuangusha? Ya huku ao ya jikoni?” na kutoka chini Kamate anauona vizuri ubao wa jikoni, mchwa wameula hadi moyoni, ufa unacheka, anamtafuta Tina moyoni mwake, anamkuta, anampita, wakilala wawili hapa komanda atashusha mabati ya mkokotenini wawabebe, hapana, hatashusha, anajua kabisa hatashusha, na bado anajibu, kwa sauti tamu ambayo hakujua anayo, “Ya huku, shemeji. Ya jikoni iko nguvu. Pita tu.”