Sahani ya Domitila

Totila ya kwanza ya Josephine, kijimkate cha mahindi kama chapati, iliungua upande mmoja, na harufu yake ikamfikia kila mtu jikoni isipokuwa yeye mwenyewe. Alikuwa amesimama mbele ya chuma cha moto, mwiko mkononi, macho kwenye mlango wa korido. Nyuma ya kioo cha mlango ule, mwanamke aliyefahamiana naye alasiri hiyo hiyo alikuwa akipiga simu huku analia. Josephine alijua anampigia nani, na alijua kwa nini analia. Alichotakiwa kufanya ni kuufungua mlango na kusema neno moja. Akabaki pale pale.

Alikuwa amekuja Toronto kwa mkutano wa wakunga. Mkutano ulikwisha Ijumaa, ndege ilikuwa Jumapili, na Jumamosi nzima ikabaki mikononi mwake kama mtoto wa watu aliyeachiwa amshike. Etobicoke, upande wa magharibi wa jiji hilo hilo, aliishi dada yake mkubwa Domitila, pamoja na mumewe Gelasius na mtoto wao Japhet. Ni safari ya treni na basi moja. Josephine hakuwa amewaambia kwamba yuko mjini, na alikwisha kata shauri kuondoka bila kuwaambia. Lakini mtu mwenye Jumamosi tupu hana udhuru, hata mbele ya nafsi yake. Kwa hiyo alipoona pale hotelini tangazo la darasa la mapishi ya asili ya Meksiko, alijiandikisha upesi, yeye ambaye Meksiko hakuijua hata kwa ndoto. Alitaka tu aweze kusema kwamba alikuwa na shughuli.

Walikuwa hawajasemezana tangu baba yao alipozikwa Mbinga, miaka sita iliyopita. Domitila hakuja mazikoni. Makaratasi yake ya Kanada yalikuwa hayajakamilika, na kama angetoka, asingeruhusiwa kurudi kwa mumewe na mtoto. Josephine aliyajua hayo yote. Lakini yeye ndiye aliyemuuguza mzee, akamgeuza kitandani, akamfulia shuka, na siku ile alikuwa amechoka na ana hasira ya kugawa. Wasifu wa marehemu aliuandika yeye, na aliusoma yeye kanisani. Alipofika kwenye watoto alisema, "Mtoto wa kwanza ni Josephine." Watu waligeuziana macho. Domitila, aliyekuwa akiyafuatilia mazishi kwa simu huku kwao ni alfajiri, alisikia kila neno. Hakupiga kulalamika. Hakupiga tena kabisa.

Mwalimu wa mapishi aliitwa Bi Eulalia, mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi zilizosukwa mkia mmoja, asiyependa maneno mengi. Aliwaonyesha mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa na kulazwa humo usiku kucha. Josephine alishtuka, maana chokaa aliyoijua yeye ni ya kupaka ukuta. Wakayasugua mahindi kwa viganja mpaka maganda yakatoka, wakayaosha, wakayasaga, wakakanda. Kwa muda Josephine alijisahau. Mikono yake iliijua kazi ya mahindi, na ilimpendeza kuona kwamba hata huku ng'ambo haikusahau.

Aliyekaa naye meza moja alikuwa Nuria, mwanamke wa Tanga aliyejitanda ushungi wa kijani, mkazi wa Crescent Town, mtaa wa mashariki mwa jiji, kwa miaka mingi. Kusikia tu kwamba Josephine ametoka Tanzania, alimkumbatia na unga wake mikononi.

"Wangu watatu, dada," alisema, "nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kizungu. Ugali hawautaki hata kuuona. Basi nimesema nijifunze haya mataco yao, totila za kukunjia nyama, huenda wakala mahindi bila kujua. Wallahi, mtoto wa huku humlishi bila hila!"

Josephine alicheka kicheko cha kweli, cha kwanza tangu atue.

Kabla ya kuchoma, Bi Eulalia aliwasimamisha. Kwao, alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, bibi yake hakula totila ya kwanza. Aliiweka sahanini, akaifunika kitambaa, ikawa ya yule aliyemfundisha kupika. Akawataka kila mmoja ataje mtu wake. Nuria alimtaja mama yake, akaongeza kwamba yuko Tanga na bado anamgombeza kwa simu. Zamu ya Josephine ilipofika, jina lilimtoka kabla hajalizuia.

"Dada yangu, Domitila."

Ilikuwa kweli. Mama yao alikufa Josephine akiwa hajafika urefu wa jiko, na Domitila ndiye aliyempandisha juu ya kigoda, akamshikisha mwiko, akamsimamia nyuma asianguke. Kila alichopika, Domitila alionja mbele yake na kutoa hukumu kwa neno moja: chumvi, au maji, au imeiva. Neno hilo la mwisho Josephine alikuwa akilisubiri kuliko sikukuu.

"Bado anapika?" Bi Eulalia aliuliza kwa upole. "Bado yupo?"

Ukweli ulihitaji maelezo marefu mbele ya watu asiowajua. Uongo ulihitaji kutikisa kichwa tu, kukana. Josephine akatikisa kichwa.

Jiko zima likamwonea huruma. Bi Eulalia aliweka mkono kifuani, mzee mmoja akavua kofia, na Josephine akapokea pole zao akiinamisha uso kama mfiwa hasa. Aliona aibu, ndiyo, lakini kilichomtisha ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Alijiambia kwamba ni uongo wa alasiri moja, na baada ya kesho watu hawa hatawaona tena.

Aliitandaza totila yake juu ya chuma. Hapo Nuria akamsogelea, sauti chini.

"Samahani, dada. Jina la marehemu si la kila siku. Ni mtu wa Mbinga?"

"Ndiyo. Mbinga."

Mikono ya Nuria ikasimama. "Si Mama Japhet wa Etobicoke?"

Josephine hakusema ndiyo, hakusema hapana. Na Nuria, kwa kuwa alilelewa asimsumbue mfiwa kwa maswali, aliuchukua ukimya ule kuwa jibu.

"Innalillahi," alinong'ona. "Nilisikia kalazwa. Nikasema nitakwenda kumwona. Leo kazi, kesho kazi... Sikwenda, dada. Na msiba umepita sina habari!"

Akaivuta simu kwa vidole vyenye unga na kutoka mbio.

Kalazwa. Domitila alikuwa amelala hospitali katika jiji hili na Josephine hakujua, kwa sababu alihakikisha hakuna mtu wa kumwambia. Alisimama pale akijiambia aende, amwite Nuria, aseme. Hakwenda. Alimwona akiandika ujumbe, akifuta machozi, kisha akiiweka simu sikioni. Ndipo totila ilipoungua. Bi Eulalia aliitoa yeye mwenyewe na kuiweka sahanini na weusi wake, akasema ya kwanza ni ya kwanza.

Nyuma ya kioo, Nuria aliacha kulia ghafla. Akarudi ndani polepole, simu ameinyoosha mbele yake kana kwamba ingemuuma.

"Nimepiga kwa Gelasius nimpe pole," alisema. "Kapokea Mama Japhet mwenyewe. Anakutaka."

Josephine aliipokea. Alisikia pumzi, kisha sauti ile ile, imekwaruza kidogo.

"Josephine."

"Dada."

"Nimekufa kwa ugonjwa gani?"

Machozi yalimshuka mpaka kwenye unga wa vidoleni.

"Uko mjini tangu lini?"

"Tangu Jumatatu, dada."

Kwa mbali ikasikika kengele ya mlango, na sauti ya mwanamke ikiingia kwa kilio.

"Huyo ni Rashida wa ghorofa ya chini," alisema Domitila. "Keshafika msibani. Nasikia mlikuwa mkipika. Mmenipikia nini?"

"Totila. Ya kwanza tunamwekea aliyetufundisha."

"Basi niletee," alisema Domitila, na simu ikakatika.

Nuria alikuwa akihangaika kuufuta ujumbe alioutuma kwenye kundi la akina mama, lakini wengi walikwisha usoma. Hakumgombeza Josephine. Laiti angemgombeza! Alivua aproni, akaikunja, akasema tu, "Nitakupeleka. Peke yako utapotea."

Ilibaki Bi Eulalia, ambaye Kiswahili hakukijua na alikuwa bado anamtazama kwa huruma. Josephine alijilazimisha kusema kwa Kiingereza, na mbele ya wote, kwamba dada yake yu hai, na kwamba alidanganya. Mzee yule alirudisha kofia yake kichwani. Bi Eulalia akaichukua sahani, akaifunga vizuri kwa kitambaa na kumkabidhi.

"Basi wahi, inapoa," alisema.

Kwenye treni Josephine aliipakata sahani, na kila kituo alitamani kushuka. Walipokaribia kushuka Nuria akasema, "Mimi ningekuwa na dada huku, nisingelala hotelini," kisha akageukia dirisha.

Mlango wa nyumba ya Domitila ulikuwa wazi na viatu vimejaa pale nje. Akina mama walikuwa wameketi juu ya zulia, khanga mabegani, wengine macho mekundu, wote hawajui kama wacheke au waondoke. Waliokuja kulia walikuwa wakinyweshwa chai na marehemu. Domitila alikuwa amekonda. Shingo ilikuwa imebaki mifupa, na chupa ya chai aliishika kwa mikono miwili. Alimtazama mdogo wake kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akawageukia wenzake.

"Mpisheni mfiwa," alisema.

Wakasogea. Josephine aliketi katikati yao, na mama mmoja mzee, kwa mazoea tu, akamshika mkono akamwambia, "Pole, mwanangu." Josephine akajikuta amejibu, "Asante, mama." Hapo alitamani zulia limmeze.

Domitila alikaa mbele yake, akaifungua sahani. Aliigeuza totila, akautazama ule upande mweusi, akamega na kutia mdomoni. Josephine alimsubiri kama alivyomsubiri utotoni, juu ya kigoda.

"Imeungua," alisema Domitila.

"Ndiyo, dada."

Akamega tena. Hakuuacha upande mweusi. Aliula pamoja na mweupe.

"Haya," alisema, akipangusa midomo kwa upindo wa khanga. "Watu wamekuja msibani na hawajasomewa wasifu. Wewe ndiye msomaji wetu. Usisome wangu, mimi bado naula mkate wenu. Soma wa baba. Anzia kwenye watoto."

Nuria, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, aliinamisha kichwa. Josephine alijaribu kusema palepale alipoketi, akaona hapana, wasifu husomwa kwa kusimama. Akainuka, mikono yake ikiwa bado na unga uliokauka.

"Mtoto wa kwanza," alianza, kisha akamtazama dada yake.

Domitila alimega kipande kingine, akatafuna taratibu, akimsubiri.