Lakabu ya Kina Grixti

Profesa Wistin Grixti alikusanya lakabu za kijiji chetu kwa miaka kumi na mmoja. Kila Jumamosi alivuka bahari kuja kisiwani kwetu Gozo kwa feri ya kwanza, akapita mlango hadi mlango na kadi zake ndani ya boksi la viatu. Kazi haikumtoa jasho. Hapa kwetu hakuna atakayekutajia lakabu ya nyumba yake, lakini ya jirani utapewa pamoja na kahawa. Mimi peke yangu nilimpa arobaini. Salvu muuza nyama, kwa mfano, ukoo wao ni Kina Kunguni. Hiyo nilimpa na kipande cha jibini.

Mpiga chapa wa mjini Valletta alitoa sharti: kila ukoo utie sahihi, la sivyo kitabu hakitoki. Basi Jumapili moja baada ya misa, profesa akatuita kwenye ukumbi wa bendi ya kijiji akatusomea orodha yote. Watu walicheka za wenzao, wakanuna kwenye zao, wakaanza kusaini, kila ukoo karatasi yake. Karatasi zilikuwa zinajaa vizuri mezani mpaka alipofika kwenye jina lake mwenyewe.

"Grixti," akasoma harakaharaka. "Lakabu haijulikani."

Salvu akaweka glasi chini. "Haijulikani? We Wistin, hata kuku wangu wanaijua!"

"Mimi nimezaliwa ng'ambo, mjini Sliema, Bwana Salvu."

"Na baba yako je, mzaliwa wa hapa? Alihamia Sliema kufuata upepo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha Salvu akaichukua karatasi yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Wengine nao wakachukua zao, wakaanza kutoka. Meza ikabaki tupu.

Profesa akanijia mbio. "Bibi Ċensa, wewe wanakusikiliza. Waambie warudi. Ni miaka kumi na mmoja hiyo!"

"Niwaambie nini, mwanangu? Mama mkwe wangu umemwandika Mnusa Sufuria."

"Si wewe uliyenipa?"

"Ni mimi. Yako nani atupe?"

"Baba aliniapisha nisiitamke kamwe."

"Za baba zetu umezisoma leo mbele ya padri."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaifuta tena. Kisha akapanda juu ya kiti.

"Kina Kidole," akasema.

"Hatusikii!" akapaza sauti Salvu, mguu mmoja nje.

"Kina Kidole! Babu yangu alikuwa mmoja wa wabeba sanamu ya mtakatifu siku ya sikukuu. Akaachia boriti ya kubebea ajikune mgongo, mtakatifu akayumba, akagonga ukuta, kidole cha sanamu kikakatika."

"Mgongo?" nikauliza. "Nani kakwambia alijikuna mgongo?"

"Matako!" akadakia mtu.

"Alikuwa amelewa!"

"Wala! Alikuwa anamkonyeza binti wa mwoka mikate!"

Wote wakarudi ndani, kila mmoja na hadithi yake. Profesa akashuka kitini, akatoa penseli. "Polepole jamani, mmoja mmoja. Binti wa mwoka mikate yupi?" Akajaza kadi tatu, uso mwekundu kama nyanya.

Salvu akainyoosha karatasi yake mezani kwa kiganja. "Lete kalamu, Kidole."

Kabla kengele ya mchana haijalia, karatasi zote zilikuwa zimesainiwa, isipokuwa ya kwangu. Hiyo nilimwacha aniombe mara mbili.