Askari Katika Nyumba ya Pumzi

Siku hiyo nilikuwa nimegombana na kila mwenye koti jeupe. Mume wangu, Mbaraka, alikuwa ametengenezwa mshipa mkubwa wa damu tumboni, daktari akasema kazi imekwenda vizuri. Mara naambiwa mapafu yamejaa maji na anapumulia mashine. "Mlipasua tumbo, mapafu yameingiaje?" niliwaka. Akanieleza kwamba baada ya upasuaji kinga ya mwili imetaharuki kila mahali, hata ikayavamia mapafu, akaomba tuingie mmoja mmoja. Mmoja mmoja! Ukoo wote umetoka Pangani kumwona mgonjwa, utamzuia nani? Nikaketi kwenye benchi la koridoni nikisonya, na usingizi ukanichukua hapo hapo.

Nikajiona katika nchi ya udongo mwekundu, kando ya mto mpana ambao mafundi walikuwa wameuziba ili wajenge upya ukingo wake uliokuwa ukibomoka. Walipoufungulia, maji yalishuka na matope na kishindo, na kutoka kila bonde wakachomoza askari, jemadari wao akiitwa Ghadhabu, wakikimbilia nyumba moja yenye vyumba visivyohesabika, kuta zake nyembamba kama utando wa maziwa. Mwenye nyumba ni Bibi Pumzi. Wakajazana milangoni, wakatoboa kuta kwa mikuki, maji yakaanza kupenya. "Adui yuko wapi?" nikamuuliza Ghadhabu. "Simjui," akasema akihema, "lakini tumeitwa, na bibi huyu tunampenda!" Naye Bibi Pumzi, maji yamemfika kifuani, akasema kwa sauti ndogo, "Asanteni wanangu, lakini mnanikanyaga." Wallahi nililia.

Mama mmoja mtulivu, Kiasi kwa jina, akanishika mkono. "Usiwalaani," akasema. "Bila hawa jeraha halifungi, na uchafu utaila nchi yote. Kosa lao ni kuja wote, mahali pasipo jeraha, na kutojua kuondoka."

"Basi wafukuze, mama!"

"Nikiwafukuza wote, nani atalinda ukingo mpya?" Akapita kati yao akiwagusa mabega: wewe nenda mtoni, wewe kapumzike, kazi yako imekwisha. Wakatoka kidogo kidogo, hata Ghadhabu, huku akinung'unika. Lakini Bibi Pumzi bado alikuwa akihangaika. Kiasi akanigeukia. "Na wewe, mwanangu?" Nikatazama: nimeshika mkuki, na miguu yangu iko juu ya kifua cha bibi.

Nikazinduka. Mlangoni shemeji yangu Hamadi alikuwa akimfokea muuguzi, mashangazi nyuma yake wakilia kwa sauti, kila mmoja anataka kumshika Mbaraka mkono. Kupitia kioo nikakiona kifua chake kikipanda kwa taabu. Jamani, mapenzi yetu yote yalikuwa yamemlalia pale pale!

"Shemeji, twendeni nyumbani," nikasema. "Atabaki binti yangu Zuhura, yeye anajua kunyamaza."

Hamadi akanitumbulia macho. "Na wewe, mkewe?"

"Mimi," nikasema, na ilinichoma kuisema, "ndiye wa kwanza kutoka."