Wenyeji wa Tumbo ya Nshuti

Tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Mugunga, mwaka wa tisini na sita, mi niliapa: mujukuu wangu Nshuti hatakula tena kitu yenye maganda. Kule kambini tulikula mahindi na maganda yake yote. Donc hapa Mbugangari, unga nilichunga mara mbili, maharagi niliyaloweka nikatoa ngozi moja moja. Mukate ilitoka Goma, nyeupe kama pamba. Dodo, yale majani ya mboga, nilipea jirani yangu Libérata, akalisha sungura.

Miaka mbili baadaye tumbo ya mutoto ikakuwa ngumu kama ngoma. Siku nane, kalitoka kadonge kamoja tu, kama ya mbuzi. Nikakaweka ndani ya kiberiti, nikabeba Nshuti mugongoni mpaka kituo ya afya. Niliogopa watamupasua.

Evode, yule wa kupima choo, akatazama ndani ya mashine yake.

"Minyoo hakuna, mukecuru. Anakula nini?"

"Vitu safi! Mukate, muchele, unga laini."

"Bon. Mutoto unamulisha, lakini wenyeji wake wanalala njaa."

"Wenyeji gani?"

"Kuja uone."

Nikaweka jicho. Yesu wangu! Ndani ya tone moja, vidudu vidogo vidogo, hai, vinasukumana kama watu wanaovuka mupaka pa Petite Barrière asubuhi.

"Tumboni mwake iko vingi kuliko watu wote wa dunia," Evode akasema. "Vingi ni rafiki. Mukate yako inamalizikia huko juu. Maganda na nyuzi za majani, zile mwili inashindwa, ndizo zinawafikia huko chini. Wanazila, wanalainisha choo, wanalisha hata ukuta wa tumbo."

Nilikaa chini. "Basi mi nimewaua?"

"Bado wako. Mupe hii dawa ya kulainisha, na chakula yao kidogo kidogo, maji mingi. La sivyo atajamba mpaka muhame Mbugangari."

Nyumbani Libérata akanicheka: "Na sungura zangu zikule mukate sasa?"

Nikapika maharagi na ngozi yake, na dodo. Nshuti akauliza, "Nyogokuru, wanasikia nikiongea?" Tangu hapo, karibu na tumbo yake niliongea pole pole, kwa heshima.

Asubuhi ya siku ya tatu akaita kutoka chooni: "Imetoka! Mingi!"

Nikapiga impundu, ile vigelegele ya kupokea mutoto muchanga. Libérata akakuja mbio na kitenge mukononi.

"Nani amezaa?"

"Hakuna. Piga tu na wewe. Ndani ya huyu mutoto iko nchi nzima, na imekula."